Msiba Uliopangwa kwa Ratiba ya Ligi

Sehemu ya Tisa

Juma lililopita tulimwacha Yaw Amponsem mbele ya mpira, dakika ya themanini na nane, penalti, watu elfu nane wa Molenbrug kimya kama wamekuja kutoa rambirambi. Ujumbe wenu nimeupata. Mmoja ameniandikia kwamba nikimkosesha Yaw penalti hii, ataacha kununua gazeti. Tulia basi, ndugu yangu, usome.

Kwa aliyekosa gazeti, mambo yako hivi. Yaw ni Mghana wa miaka ishirini na tisa, mshambuliaji wa Molenbrug huko Ubelgiji. Mama yake, Maame Birago, alifariki mwezi wa pili. Sasa ni mwezi wa tano na bado yuko kwenye jokofu la chumba cha maiti nje ya Kumasi, kwa sababu kabla ya kukata roho alisema, "Mtu asinifunike uso kabla Yaw hajaniona." Na Waashanti, watu wa kwao, hawana haraka na kaburi. Maiti humsubiri aliye safarini.

Aliyepanga tarehe ni mjomba wake Yaw, Opanin Tawia, mkuu wa ukoo. Mzee alijiona mjanja. Alitafuta ratiba ya ligi ya Ubelgiji, akaweka kidole kwenye mechi ya mwisho, Jumapili, akahesabu siku sita mbele, akasema mazishi ni Jumamosi hiyo. Mabango yakachapwa, marehemu katikati na Yaw pembeni akiwa na jezi yake. Ndugu wa Toronto na London wakakata tiketi. Jambo moja tu mzee hakulijua, na hakuna aliyemwambia: timu inayomaliza ya pili kutoka mkiani haiendi likizo. Inacheza mchujo wa kubaki daraja, Jumatano na Jumamosi.

Kwa hiyo hesabu ni fupi. Yaw akifunga, Molenbrug inapanda nafasi moja, inaingia kwenye mchujo, naye Jumamosi atakuwa uwanjani Ubelgiji. Akikosa, timu inashuka daraja leo hii, na kesho yuko huru kwenda kumzika mama yake.

Yaw aliamua kukosa.

Msinikunjie uso. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Kipa wa siku ile alijulikana nchi nzima kwamba penalti zote huruka kushoto kwake. Yaw akachagua kushoto huko huko. Akapiga mpira mlaini, mpira ambao hata bibi yangu angeudaka kwa kanga.

Kipa akaruka kulia.

Sijui siku ile alikula nini. Mpira ulitambaa peke yake kwenye nyasi, polepole, mpaka Yaw akapata muda wa kuuombea usifike. Ukagusa nguzo ya goli, ukaingia.

Mengine mnaweza kuyakisia. Walimbeba mabegani. Nahodha Wouter, jitu la kilo tisini, alimlilia shingoni kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Yaw naye akalia, na wapiga picha wakafurahi. Asubuhi gazeti la mji likaandika kwa herufi kubwa: Machozi ya Shujaa.

*

Jumatatu saa tatu shujaa alikuwa ofisini kwa kocha.

Kocha Goossens si mtu mbaya, na hilo ndilo lililomponza Yaw wiki nzima. Angekuwa mbaya, Yaw angegombana naye mambo yakaisha. Mzee alimkaribisha kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Nakuelewa, Yaw. Lakini nielimishe kidogo. Kwetu mtu akifa Jumatatu, Ijumaa tumeshamzika na tumeshakula keki. Nyinyi mmekaa miezi mitatu. Wiki moja zaidi itamdhuru nani?"

Yaw angeanzia wapi? Aanze na mabango, au mahema, au ile jamaa ya Toronto? Aliahidi kujaribu.

Akampigia mjomba wake, akamwomba asogeze tarehe kwa wiki moja tu. Opanin Tawia alimwacha amalize, kisha akashusha pumzi ndefu.

"Yaw, hii tarehe nimeipanga kwa ratiba yako. Niliishika mkononi, nikavaa na miwani. Leo unaniambia ratiba ina mkia?"

"Ina mkia, mjomba. Samahani."

"Mimi ni mkulima wa kakao. Mikia ya ratiba ningeijulia wapi? Mama yako ana siku tisini na kitu kwenye barafu, mwanangu. Hata samaki hawekwi hivyo. Jumamosi anazikwa. Wewe njoo."

Kocha hawezi, mjomba hawezi. Molenbrug wakishuka daraja kuna watu sitini wa klabu watakaopoteza kazi, kuanzia wapishi hadi mama anayefua jezi, na mama huyo alimshika Yaw mkono siku ile ya penalti kwenye ngazi akamwambia Mungu akubariki. Yaw alisema ahsante. Nyumbani alikaa sebuleni na viatu miguuni, hana analoweza kufanya, na mtu mzima akifikia hapo huenda kwa shangazi.

*

Anti Dufie si shangazi wa damu. Ana saluni Antwerp, na kila Mghana wa mji ule ameshakula banku, ugali wa kwao, kwake nyuma ya mapazia akisubiri mkewe asukwe. Jumanne Yaw alimkuta ana kichwa cha mteja mikononi. Alimsimulia yote, hata siri ya penalti. Anti Dufie hakuacha kusuka.

"Sasa nikuulize jambo," akasema. "Mchezaji akipewa kadi nyekundu Jumatano, Jumamosi anacheza?"

"Hachezi. Anafungiwa."

"Na akifungiwa, kocha anamtaka wa nini?"

Yaw alimtazama. Anti Dufie hajui kuotea ni nini wala kona ni nini, lakini kadi anazijua, maana marehemu mumewe alikuwa refa kule Obuasi na alikuwa akizigawa kama njugu.

"Anti, miaka kumi na mmoja sijawahi kupewa kadi nyekundu. Mama alikuwa ananitazama kwenye televisheni. Aliniambia siku nikimpiga mtu teke asinione nyumbani kwake."

"Ndiyo maana nakwambia umpige mtu teke moja, ufike nyumbani kwake." Mteja alicheka, Anti Dufie akamsukuma kichwa kirudi mahali pake. "Teke moja tu. Si la kuvunja. Na ukimaliza umwombe msamaha."

*

Basi Jumatano jioni, ugenini uwanja wa Lindeveld, mchujo mechi ya kwanza. Yaw aliingia na kitambaa cheusi mkononi, na kazi moja tu kichwani.

Beki aliyekabidhiwa kumchunga aliitwa Mbuyi, Mkongo aliyezaliwa Brussels, mabega kama mlango wa ghala. Yaw akasema moyoni, huyu ndiye. Dakika ya tisa akamkanyaga. Mbuyi akageuka, na badala ya kukasirika akamshika bega.

"Kaka, nilisoma gazetini. Pole sana na mama."

Yaw akashukuru. Angefanya nini?

Dakika ya ishirini na tano alimvuta jezi mpaka ikachanika. Refa alikuja mbio, filimbi mdomoni, akakiona kile kitambaa cheusi, akapunguza mwendo. Akamwambia Yaw kwa sauti ya chini kwamba anaelewa yuko kwenye kipindi kigumu, ajitahidi kutulia. Hakutoa hata ya njano.

Mnaona balaa hilo? Mtu anatafuta adhabu na watu wanampa pole. Kila alipokosea walimuinua. Dakika ya arobaini alimtukana refa waziwazi, lakini kwa Kitwi, lugha ya kwao, na refa akadhani anasali. Mapumziko yakafika sare, bao moja kila upande, na Kocha Goossens akawaambia wenzake wamtazame Yaw, wamtazame mtu mwenye msiba anavyopigana kwa ajili yao.

Dakika ya sabini na moja Yaw aliona muda unamwishia. Mbuyi alikuwa na mpira karibu na mstari wa pembeni. Yaw akatoka mbali, akafumba macho, nasema akafumba macho, akajirusha kwa miguu yote miwili kutoka nyuma.

Mbuyi akaanguka kama gunia la mihogo. Uwanja ukazomea. Refa sasa hakuwa na njia ya kupita, akatoa kadi nyekundu huku uso wake umejaa majonzi.

Yaw alitoka ameinamisha kichwa ili watu wasione kwamba anatabasamu. Mechi ikaisha sare vilevile.

Alhamisi asubuhi kocha alimwita mwenyewe. Alimwambia hana kinyongo, msiba humvuruga yeyote, na kwa kuwa Jumamosi hatacheza, aende kwao. Yaw akakata tiketi ya ndege ya Ijumaa saa tano. Alipiga simu nyumbani kuwapa habari, kwa mjomba, kwa dada yake Serwaa. Hakuna aliyepokea. Alijiambia wana shughuli za mahema.

*

Ijumaa, saa nne na nusu, uwanja wa ndege Brussels. Abiria wameshaanza kupanga foleni. Simu ikalia. Kocha Goossens.

"Yaw! Uko wapi? Umeshapanda?"

"Bado, Kocha. Nipo mlangoni."

"Usipande! Tumeshinda rufaa."

Rufaa gani? Yaw hakujua kama kulikuwa na rufaa. Kocha akamweleza kwa furaha, maneno yanapandana. Mwanasheria wa klabu hakulala usiku wa Jumatano. Walipeleka picha za video kwenye kamati. Halafu Mbuyi, Mbuyi mwenyewe, Mungu ampe afya, aliandika barua kusema hakuguswa, aliteleza tu, na kwamba Yaw ni muungwana. Kamati imeifuta kadi asubuhi hii. Kesho anacheza.

Sasa, msomaji, kaa chini kama umesimama. Yaw aliangalia foleni. Zilikuwa zimebaki familia mbili na padri.

"Kocha, siwezi kurudi. Naenda kumzika mama."

"Najua ni vigumu. Lakini wewe ndiye uliyetuokoa kwa penalti ile. Bila penalti ile tungekuwa tumekufa. Huwezi kutuacha nusu ya njia, mwanangu."

Lile neno "mwanangu" lilimmaliza. Angemwita mvivu, angemtishia mkataba, Yaw angejua la kujibu. Lakini sifa isiyo yako ina uzito, na Yaw alikuwa ameibeba siku tano.

"Penalti ile nilitaka kuikosa," akasema.

"Umesemaje?"

"Nilitaka kuikosa, Kocha. Nilipiga alipozoea kuruka kipa, ili audake, tushuke, niende kuzika. Aliruka upande mwingine, si kosa langu. Na kadi niliitafuta mwenyewe. Tangu dakika ya tisa nilikuwa naitafuta. Mbuyi hakuteleza. Nisamehe."

Kisha ikasikika sauti nyingine kabisa, nzito, sauti ya nahodha Wouter.

"Yaw, umesema nini?"

Ndipo Yaw akaelewa. Nyuma ya Wouter alisikia kiti kikisogezwa na mtu akikohoa. Kocha aliporudi kwenye simu, furaha yote ilikuwa imemtoka.

"Nilikupigia tukiwa wote hapa, chumba cha kubadilishia nguo. Simu iko mezani, sauti wazi. Walitaka kukuimbia."

Yaw alisogea hatua moja mbele kwenye foleni.

"Nenda kazike," akasema Goossens. "Mzike mama yako vizuri. Hapa usirudi tena."

Simu ikakatika. Miaka sita ya Molenbrug, mabao arobaini na tatu, na mama wa jezi aliyemwombea baraka, vyote vilikwisha kabla padri hajaonyesha tiketi yake. Yaw aliumia, sitawadanganya. Lakini chini ya maumivu alisikia wepesi ambao hakuusikia tangu mwezi wa pili. Hakuna wa kumzuia tena. Kesho atamwona mama yake uso kwa uso. Amelipa bei yake, na anakwenda.

Alimpigia Serwaa kumwambia kwamba anaingia ndani ya ndege. Safari hii simu ilipokelewa mlio wa kwanza.

"Kaka." Alinong'ona. "Usiniambie uko njiani."

"Niko mlangoni pa ndege. Mbona nawapigia hampokei?"

"Mjomba alitunyang'anya simu zote Jumatano. Amenirudishia sasa hivi. Kaka, Nana amekwenda kijijini."

Yaw ni mtoto wa pale, hakuhitaji tafsiri. Nyinyi nitawapa. Nana ni chifu wa mji wao, na kwao chifu hasemwi amekufa. Husemwa amekwenda kijijini, na ikulu hulificha jambo mpaka wenyewe wawe tayari. Siku upatu ukipigwa kutangaza, hakuna maiti itakayozikwa mjini, hakuna ngoma wala kilio cha mtu mwingine, miezi sita, pengine mwaka, mpaka Nana aagwe kwanza.

"Mjomba aliambiwa kwa siri na mtu wa ikulu, kwamba upatu unaweza kupigwa kabla ya Jumamosi," Serwaa aliendelea. "Akasema mama hawezi kukaa mwaka mzima kwenye barafu. Akasema na wewe utamsamehe."

"Serwaa, mmefanya nini?"

"Tumemzika jana alfajiri. Watu saba. Bila hema, bila kulia. Tulikatazwa kulia."

Dada wa shirika la ndege alikuwa akimwonyesha Yaw kwa mkono aje. Yaw alimwona na hakumwona.

"Uso wake," akasema. "Mlimfunika?"

Serwaa akamuuliza ndege inaondoka saa ngapi.

"Nimekuuliza, Serwaa."

"Nilimfunika mimi. Nilimwambia umekuja. Nilimwambia, mama, Yaw huyu hapa. Nisamehe, kaka."

Yaw alikaa chini, sakafuni, mtu mzima na koti lake jipya la msiba. Watu wakampita pembeni. Hakulia, hakujua alie wapi. Aliposhika simu tena alisema neno moja tu, kwamba anakuja hivyo hivyo, walau akalione kaburi.

Kukawa na vishindo upande wa pili, simu ikapokonywa. Opanin Tawia.

"Usije, Yaw."

"Mjomba, sina pengine pa kwenda. Kule nimeshafukuzwa."

"Nisikilize. Mji mzima haujui. Mabango yapo ukutani mpaka sasa, watu wa Toronto wapo hotelini Kumasi wanajua kesho ni mazishi, nitawaambia nini sijui. Ikulu wakijua tumezika kwa siri huku tunajua Nana amekwenda kijijini, watatutoza kondoo, watatutoza pombe, na kaburi watatuamuru tulifukue. Umenielewa? Watamtoa."

"Nitakuja kimya kimya. Sitamwambia mtu."

Mzee alicheka kicheko kikavu kisicho na furaha hata chembe.

"Wewe? Uso wako uko kwenye kila ukuta wa mji huu. Ukishuka tu garini watakubeba, watapiga kelele mwana wa Birago amefika. Na unajua desturi, mwana akifika kutoka mbali, kwanza anapelekwa chumba cha maiti amwone mama yake, na mji mzima unamsindikiza." Sauti ya mzee ilianza kukatika. "Watakwenda na wewe mpaka mlangoni, Yaw. Watafungua jokofu. Tutawaonyesha nani?"

Juu, kwenye kipaza sauti, jina la Yaw Amponsem lilikuwa likiitwa kwa mara ya mwisho, na yule dada mlangoni alikuwa ameshika kitasa, akimngoja aseme kama anaingia au haingii.